Mayai Kwenye Keria

Siku ya kwanza yalivunjika mayai 17. Nilikuwa nimebeba trei nne, mayai 120 ya mama, nikateremka nayo kutoka kwetu juu ya Werugha hadi Wundanyi, na njia nzima nilikuwa naimba. Sijui kama umewahi kuendesha baiskeli yenye shokabsoba mbele na nyuma kwenye barabara ya mawe. Ni kama mtu amekutandikia godoro. Jiwe unaliona, unalisikia likigonga tairi, lakini kiuno hakina habari. Nilifika sokoni mgongo ukiwa mzima, kitu ambacho hakikuwa kimetokea kwa muda mrefu, nikaanza kufungua kamba za keria kwa furaha ya mtu aliyepita mtihani. Ute ulikuwa unadondoka mpaka kwenye cheni.

Mama ninayempelekea mayai aliinua trei ya chini, akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Hii si ndiyo ile baiskeli ya laki tatu na nusu?"

Ndiyo hiyo. Ngoja nieleze ilivyokuwa.

Mwaka 2021 nilianguka na bodaboda Nairobi, mimi nikiwa abiria. Mfupa haukuvunjika hata mmoja, jambo ambalo kila mtu aliniambia nimshukuru Mungu kwalo, na nilimshukuru. Lakini diski moja ya mgongo, chini kabisa karibu na kiuno, ilitoka mahali pake ikaanza kubana mshipa. Kazi yangu ilikuwa ya kuketi, na kuketi ndiko nilikoshindwa nako. Mkataba ulipoisha hawakuuongeza. Daktari alisema operesheni ingoje kwanza, nifanye mazoezi: kutembea, kuogelea, baiskeli taratibu. Alichokataza ni mtikisiko. Nikamwambia kwetu ni Taita. Akauliza, "Kwani Taita kuna nini?" Nikamjibu kuna mawe.

Nilirudi nyumbani 2023, mwaka ule petroli ilipita shilingi 200 kwa lita na kila mwenye pikipiki akapandisha nauli. Mama alikuwa na kuku wa kienyeji wapatao themanini na wateja watatu Wundanyi. Bodaboda akishachukua chake cha kupeleka mayai na cha kurudisha chakula cha kuku, kilichobaki kilikuwa cha kununua sukari. Mimi nilikuwa na fidia ya bima, ile iliyobaki baada ya wakili kukata sehemu yake. Zaidi kidogo ya laki nne. Ndizo pesa zangu zote duniani, na kila mtu wa familia alikuwa na maoni kuzihusu.

Dada yangu aliye Mombasa alisema ninunue nduthi, nibebe mayai na watu pia, hesabu ikamilike. Nilijaribu pikipiki ya jirani. Kutoka Mwatate kupanda Wundanyi ni lami, kona nyingi lakini lami, sikuona shida. Kutoka Wundanyi kupanda kwetu nililala siku mbili. Mama alitaka ng'ombe wa gredi. Alisema ng'ombe haanguki na mtu. Sikuwa na jibu la hoja hiyo, na mpaka leo sina.

Mimi nilitaka kitu cha kunipeleka na kunirudisha bila kumwita mtu. Na kilichokuwa kichwani mwangu, nikisema ukweli, ni Black Mamba ya marehemu baba, ambayo bado iko stoo nyuma ya magunia. Wasioijua: ni baiskeli nyeusi ya chuma, breki zake ni za fito, haina gia, keria yake ni pana na ukali wake ni wa kitanda cha jela. Mzee aliibebesha gunia la mahindi la kilo 90. Kushuka alipanda, na kwa kuwa breki hazikumtosha alishusha kiatu chini. Kupanda aliisukuma, bega kwenye gunia, mkono mmoja kwenye usukani, akisimama kila kona kama anayesalimia miti. Mgongo wangu usingeweza kusukuma hata bila gunia. Kwa hivyo: baiskeli, lakini yenye umeme.

Nilisoma kwa miezi miwili kabla ya kununua. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba mahali mota ilipo ni muhimu kuliko maandishi ya ukubwa wake. Kuna baiskeli ambazo mota iko ndani ya habu ya gurudumu. Ni za bei nafuu, na kwa mji tambarare kama Kisumu ningechukua hiyo bila kufikiri. Lakini mota ya habu haitumii gia za baiskeli. Kwenye mlima mrefu, mwendo ukishuka, inazunguka polepole huku ikivuta umeme mwingi, na umeme usiogeuka kuwa mwendo hugeuka kuwa joto. Mota iliyo katikati, penye pedali, inasukuma kupitia cheni, kwa hivyo ukiweka gia nyepesi nayo inapata wepesi uleule. Kwetu ni mlima. Suala hilo likaisha.

Suala la pili lilikuwa shokabsoba, na hapo ndipo nilipojidanganya.

Mtu mmoja Nairobi aliyekuwa akihama nchi alikuwa akiuza baiskeli mbili za milimani, zote za umeme, zote mota katikati. Ya kwanza ilikuwa na shokabsoba mbele tu. Nyuma ilikuwa fremu ya kawaida, imara, na ilikuwa na matundu ya kufungia keria. Ya pili ilikuwa na shoki mbele na nyuma, mota ya Bosch ya Nm 85, betri ya Wh 625, na bei yake ilizidi ya mwenzake kwa elfu tisini. Mwenyewe aliniruhusu nizijaribu Karura. Nilipanda ya kwanza, nikapita juu ya mizizi ya miti, na mzizi wa tatu ukanijibu mgongoni kama mtu amegusa waya. Nikapanda ya pili, nikapita mizizi ileile. Kimya. Nilirudi tena na tena juu ya mizizi ile mpaka mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nililipa siku hiyohiyo. Nilichagua kwa mgongo, na mgongo ulichagua vizuri. Haukuulizwa habari ya mayai.

Nilipanda basi la usiku hadi Voi, baiskeli ikiwa kwenye buti, betri nimeikumbatia kama mtoto mchanga kwa sababu nilisikia haipendi kugongwa. Ni asubuhi, nikiwa nimeketi kwenye ngazi za nyumba yetu na kitabu cha maelekezo, nilipoanza kusoma yale ambayo mtu mwenye akili angeyasoma kwanza. Fremu haikuwa na tundu hata moja la keria. Na kwenye ukurasa wa uzito iliandikwa: kilo 120, jumla. Jumla maana yake baiskeli, mpandaji na mzigo, vyote. Baiskeli yenyewe ni kilo 24. Mimi ni 71. Toa, uone. Zinabaki 25, na humo keria nayo ina uzito wake.

Nilimsomea mama. Alikuwa akichambua maharagwe ya kimanga. Akauliza, "Na ile ya baba yako iliandikwa ngapi?"

"Haikuandikwa."

"Ndiyo maana ilibeba."

Binamu yangu aliye ng'ambo alinitumia keria inayofungwa kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, na huku juu inashikwa kwa mikanda kwenye vyuma vya nyuma vya fremu. Ni keria nzuri, sina neno nayo. Nilipakia trei nne juu yake, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba mzigo ukiongezeka shoki inataka hewa zaidi, nikachukua pampu yake maalum (pampu ya kawaida haifiki presha hiyo), nikajaza. Kisha nikateremka nikiimba. Mwisho wa wimbo nimeshauhadithia.

Aliyenionyesha kosa ni fundi wa Wundanyi ambaye hakuwa ameona baiskeli ya namna hiyo maisha yake yote. Hakugusa kompyuta ya usukani, hakuuliza bei. Aliweka mkono mmoja juu ya kiti, wa pili juu ya keria, akakandamiza kiti. Kiti kilishuka. Keria ilibaki palepale.

"Umeona, kaka? Wewe umelala kitandani. Mayai yako yamelala sakafuni."

Ni jambo la wazi hivi kwamba niliona haya. Baiskeli ya namna hii ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa bawaba. Kipande cha mbele kinambeba mpandaji. Kipande cha nyuma kinashika gurudumu, na kinapanda na kushuka pamoja na kila jiwe. Shoki iko katikati yao, kazi yake ni kuzuia yale ya nyuma yasifike mbele. Keria yangu ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha nyuma, upande wa mawe. Kila pigo ambalo mgongo wangu haukulipata, mayai yaliyapata. Na ile hewa niliyoongeza haikusaidia chochote, kwa sababu mzigo ulio upande wa gurudumu hauikalii shoki. Nilikuwa nimejikazia godoro langu mwenyewe bure. Tena mzigo huo unalifanya gurudumu kuwa zito, likirushwa na jiwe linachelewa kurudi chini. Nilidhani ule mdundo wa nyuma ni baiskeli inafurahi.

Basi nikahamisha mayai upande wa pili wa bawaba. Upande huo una nafasi chache. Ndani ya pembetatu ya fremu, ambapo kwenye baiskeli nyingine ungetia begi, kwangu kuna shoki. Kwenye usukani ukiweka mzigo wa kilo sita unageuza kona siku ya pili. Imebaki mgongo wa mpandaji. Kwa mzigo wa kuvunjika hapo ni pazuri, kwa sababu magoti na viwiko vya mtu ni shokabsoba kuliko zote. Nilibeba trei mbili kwenye begi la mgongoni, halikuvunjika hata moja. Nilifanya hivyo mara tatu. Baada ya mara ya tatu nilishindwa kuvaa soksi.

Nataka niwe mkweli kuhusu jioni ile. Niliketi kitandani na soksi mkononi nikapiga hesabu ya ng'ombe. Bei yake, lita zake, hata jina lake nilikuwa nalo. Nje mama alikuwa akifungia kuku, anahesabu kwa sauti kama kawaida yake, na hakuwa ameniambia neno moja baya tangu siku ya mayai 17. Hilo ndilo lilinichoma. Angenigombeza ningejitetea.

Dawa ilikuwa keria ndogo inayobana nguzo ya kiti. Hiyo iko upande wangu wa bawaba, inashuka ninaposhuka. Lakini haikukubali hivihivi. Nguzo ya kiti iliyokuja na baiskeli ni ile ya kupanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe, na huwezi kuibana sehemu yake inayoteleza bila kuiharibu. Fundi akaitoa, akaweka nguzo ya kawaida ya chuma, nikaiaga ile ya kitufe bila majonzi. Halafu kuna swali la tairi. Shoki ya nyuma ikikandamizwa mpaka mwisho, gurudumu linapanda juu sana, na likikuta kitako cha keria njiani utajua. Fundi alifungua hewa yote ya shoki, akaketi juu ya kiti baiskeli ikainama mpaka chini, akapima kwa vidole. Ilikuwa inagusa. Akainua keria vidole vinne, akapima tena. "Sasa hata ukiruka mtaro," akasema. Sikumwambia kwamba siruki mitaro.

Keria hiyo inabeba kilo kumi, si zaidi. Trei nne za mayai ya kienyeji hazifiki saba. Niliacha trei za karatasi nikanunua za plastiki, nikakata sponji ya godoro kuukuu nikaweka chini na kati, nikafunga kwa blada kila upande, kaza lakini usikamue. Safari ya kwanza yalivunjika mawili. Ya pili, moja. Ya tatu mama ninayempelekea alipekua trei zote nne, akapekua tena, akanipa soda.

Kurudi ni habari nyingine. Chakula cha kuku hakivunjiki, kwa hivyo kinakaa chini, kwenye ile keria ya ekseli, upande wa mawe. Nanunua kilo 20, ndicho kilichobaki kwenye zile 120 za kitabu. Jirani zangu hununua gunia zima na kulitupa nyuma ya pikipiki. Mimi napanda mara mbili kwa wiki na kifuko changu kama mtu aliyetumwa dukani. Lakini napanda. Naweka gia nyepesi, mota inanguruma kidogo kama paka, natoka jasho la kawaida la mtu mwenye afya, na nyumbani nafika na robo ya betri imekwenda. Kuijaza kutoka tupu ni chini ya uniti moja ya stima. Tokeni ya mia mbili naigawana na taa na simu ya mama, na hatujawahi kugombana. Stima ikipotea, na huku kwetu mvua ikinyesha inapotea, nangoja kama wengine.

Kushuka ndiko kunanitia hofu, si kupanda. Mota haikusaidii kuteremka. Kilo mia na kitu zinazotaka kwenda chini zinashikwa na vidole viwili vya kila mkono. Breki ni za mafuta na ni kali, lakini wiki ya pili nilishika breki ya nyuma bila kuachia kutoka juu hadi chini, nikasikia harufu kama ya pasi iliyosahaulika, na kwenye kona ya mwisho kishikio kikawa laini mkononi. Nilipita. Tangu siku hiyo nabana kwa vipindi, mbele na nyuma, naachia, na kuna kona mbili ambapo nasimama kabisa ili vyuma vipoe. Watu wanadhani nasimama kutazama bonde. Nalitazama pia. Wakati wa masika udongo mwekundu unajaza kila kitu, na breki zinakula pedi ambazo sizipati karibu zaidi ya Nairobi.

Kwa hivyo ukiniuliza kama ununue, nitakuuliza mgongo wako ukoje. Ukiwa mzima, nunua ile ya shoki ya mbele tu yenye matundu ya keria. Itabeba zaidi, itaharibika kidogo, na elfu tisini utanunulia kuku. Ya namna yangu ina bawaba na beringi ambazo matope yanazitafuna, na mota ikileta kosa kwenye kioo inataka kompyuta ya wakala, na sijui wakala yeyote Taita. Betri itakapochoka bei yake itakuwa ya ndama. Nayajua yote haya. Lakini mwezi uliopita nilikata kuni. Si nyingi.

Jumanne mama alikuwa na kliniki ya presha Wesu. Nilikuwa uani nikifunga trei, akatoka amejifunga leso nzuri na mkoba wake kwapani, akasimama karibu na baiskeli. Akaitazama keria ya juu, kisha ya chini.

"Na mimi je?"

Nilidhani ni utani. Nikaanza kumweleza: kilo 120, baiskeli 24, mimi 71. Akanisikiliza mpaka mwisho. Yeye ni kilo 58, walimpima kliniki iliyopita.

"Baba yako alinipakia mimi, na wewe tumboni, na beseni na nguo zako, mpaka Wesu. Usiku."

"Ilikuwa Black Mamba, mama."

"Najua ilikuwa nini. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa."

Nikaingia ndani nikapiga simu kwa kijana wa bodaboda. Alipofika, mama alikaa upande, miguu pamoja, kama walivyokaa kina mama wa zamani kwenye keria. Pikipiki yenyewe shoki zake za nyuma zimekufa, ukiikandamiza hairudi. Kabla hawajaondoka alininyoshea mikono.

"Lete trei moja. Za wale manesi."

"Zitavunjika, mama."

"Lete."

Nikampa. Akaiweka mapajani, akaishika kwa mikono miwili bila kuikaza. Walitangulia, mimi nikafuata nyuma na trei tatu zangu, nikabana, nikaachia. Kwenye yale mawe mabaya niliona pikipiki ikirushwa, mabega ya mama yakipanda na kushuka, na ile trei imetulia mbele yake, kila jiwe anaiinua kidogo kabla halijafika.

Wesu tulizihesabu pamoja kwenye benchi. Zake thelathini, zote nzima. Kwangu lilipasuka moja.